Upande wa Nne

Lifti zote mbili zilikuwa zimegoma, na ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo kila mwenye ofisi katika jengo lile la ghorofa kumi na moja anataka ama kushuka akale ama kupanda akasinzie. Ukumbi wa chini ulijaa pomoni. Makarani, wakili mmoja na majalada yake, mama mwenye mtoto mgongoni, mpeleka vifurushi anayelaani bila kuchagua maneno, wote wameukodolea macho mlango wa chuma kana kwamba utaona haya ufunguke. Katikati yao alisimama dada mmoja mwenye gauni la manjano na viatu vya kamba, amekumbatia sanduku kubwa la mbao. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kola.

"Nani mwenye lifti hizi?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyevumilia vya kutosha.

Sauti ya kiume ikamjibu kutoka shimoni, chini ya usawa wa sakafu. "Mwenyewe hayupo, dada. Mimi nazitibu tu."

"Basi mgonjwa wako anapona lini? Nakwenda ghorofa ya nane."

"Dakika kumi."

"Dakika kumi za saa au dakika kumi za fundi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kichwa kikachomoza kutoka shimoni kuja kumtazama mwenye ulimi huo. Kilikuwa na tochi kwenye paji la uso, grisi shavuni, na meno ambayo dada yule aliyaona kabla ya kitu kingine chochote, maana meno ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alikuwa akitengeneza meno ya bandia, na tangu aanze kazi hiyo ndugu na marafiki walikuwa wamelisahau jina lake wakabaki kumwita Meno. Ya fundi huyu yalikuwa yamepangika vizuri, isipokuwa moja la mbele lililompanda mwenzake kidogo. Meno akajikuta analipenda lile moja.

Fundi naye hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa analitazama sanduku.

"Hiyo ni mashine ya santuri?"

"Hapana, ni kitanda."

"Inazunguka?"

"Ingekuwa inazunguka ningekuwa naipeleka kwa fundi?"

Akatoka shimoni kwa mruko mmoja, akapangusa mikono kwenye ovaroli yake ya buluu, akamwambia mwenzake aliyebaki chini, "Malizia, ni kubana skrubu tu," kisha akalichukua sanduku mikononi mwa Meno kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Twende kwa ngazi. Nitakubebea."

"Ghorofa nane?"

"Hata themanini. Ila na wewe unisimulie umeipata wapi."

Mpaka ghorofa ya tatu fundi alikuwa ameshajua kwamba mashine ni ya shangazi yake Meno, aliyemgawia mashine akabaki na santuri zake zote kwa hoja kwamba kila mtu na nyimbo zake. Mpaka ya tano, Meno alikuwa ameshajua kwamba huyu bwana, ambaye kazini kwao walimwita Lifti, ana santuri na hana mashine.

"Miaka miwili ipo juu ya kabati," Lifti akasema akihema. "Sijaisikia hata mara moja."

"Sasa uliinunulia nini?"

"Naijua yote kichwani. Kaka yangu alikuwa na kaseti yake. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo utake usitake, unasikiliza. Mwanzoni niliichukia, nikawa naziba masikio kwa mto. Halafu siku moja redio ikaitafuna ile kaseti, na mimi ndiye niliyelia. Kaka hakulia."

Meno akacheka mpaka akashika ukuta wa ngazi. Walipofika ya nane wakasikia kengele ya lifti ikilia nyuma yao, na mlango ukafunguka. Dakika zilikuwa kumi na moja. Walipeana namba za simu hapo hapo.

*

Siku nne baadaye mashine ilikuwa inazunguka, na Lifti akaja na albamu yake kwapani. Jalada lilifunguka kama kitabu. Nje palichorwa mnara mrefu usio na mlango, ndani mlikuwa na santuri mbili.

"Ni roki," akasema. "Ile ya zamani, wanayoiita progresivu. Kuna wimbo humu unamaliza upande mzima."

"Upande mzima! Waimbaji hawana kazi nyingine?"

"Usinichekeshe. Ni hadithi moja, mwanzo mpaka mwisho. Mtu anajenga mnara, anaupanda. Zaidi ya hapo sikwambii. Sikiliza peke yako kwanza, kisha siku moja tutasikiliza wote wawili."

Jumapili mchana Meno akakaa kitako sebuleni na mdogo wake wa kike, akaiweka sindano juu ya santuri ya kwanza. Ilipoisha akaigeuza. Kisha ya pili, nayo akaigeuza, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Gitaa likakimbizana na kinanda, dramu zikabadili mwendo kila ulipoanza kuzizoea, mwimbaji akapanda juu sauti ikawa nyembamba. Mara kwaya ikatokea, haijulikani inashangilia nini. Mwisho kinanda kikabaki peke yake kikiomboleza, upepo ukavuma, basi.

"Dada," mdogo wake akasema, "hawa walikuwa wanaimba au wanapigana?"

"Muziki wa kufukuzia panya," Meno akajibu, akajirusha kwenye kochi. Saa nzima na dakika ishirini alikuwa amepandishwa mnara, kisha akaachwa huko huko.

Simu ikalia kabla hajavuta pumzi.

"Enhe, roho yangu! Umeionaje?"

Msikilizaji, hapo ndipo Meno angesema kweli. Lakini ile "roho yangu" ilikuwa ya kwanza, imemtoka Lifti bila kujua, na furaha iliyokuwa ndani ya sauti yake haikuwa ya kumwagiwa maji.

"Nzuri," Meno akasema.

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana, mpenzi."

Uongo ukishatoka hauna breki. Ili ugeuke kweli, Meno akaisikiliza tena Jumatano akipiga pasi, na tena Jumamosi akiwa amefumba macho kabisa. Hakuna kitu. Hata hivyo kila Lifti alipouliza alimwambia, na hii ilikuwa kweli tupu, "Nimeisikiliza tena." Lifti alikuwa anafurahi mpaka unamwonea huruma.

Na mambo mengine yote yalikwenda kwa raha. Walitembea kwa miguu kutoka kazini mpaka mguu ukaota malengelenge. Lifti alimwita "daktari wa vibogoyo," naye Meno akamwita "bwana panda-shuka." Lifti alijifunza kunyoa vizuri, na Meno alinunua hereni mbili ndefu ambazo zilimsumbua maabara kwa kuingia kwenye nta, lakini hakuzivua. Mwezi haukuisha, Lifti akaja na habari.

"Kampuni inafungua tawi jingine. Wananitaka nikawe mkuu wa mafundi. Ni mji wa mbali, saa tisa kwa basi."

Meno akamshika mkono wa shati. "Umewajibu nini?"

"Nina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni, kutia sahihi." Akamtazama. "Sitii. Sababu ninayo, inavaa gauni la manjano."

*

Jumapili iliyofuata Lifti akaja nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, shati jeupe limepigwa pasi mpaka unaweza kukata nalo karatasi. Mdogo mtu akamkaribisha, akamwandalia chai, akakaa, na baada ya dakika tano akasema la kwake kwa roho safi.

"Shemeji, ule muziki wako una nguvu. Dada anasema ni wa kufukuzia panya."

Meno akamkata jicho, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Lifti alicheka, si sana. Akaweka kikombe mezani.

"Kumbe hukuipenda."

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Haidhuru. Hata mimi niliichukia. Bora umeisikiliza." Akasogea mbele, macho yakimng'aa tena kidogo. "Ehe, mwisho je? Mwisho wake umeuonaje?"

Safari hii Meno akaamua kusema kweli tupu. "Mwisho ndio ulioniudhi kuliko vyote. Mtu wa watu kaachwa juu kule peke yake, kinanda kinalia, upepo unavuma. Ndiyo nini sasa?"

Lifti akarudi nyuma kitini.

"Haachwi juu," Lifti akasema polepole. "Anashuka. Upande wa nne wote ni kushuka. Kwaya inampokea."

"Kwaya inakuja mapema, hata hajapanda."

"Hajapanda? Anashukaje mtu ambaye hajapanda?"

"Mimi nitajuaje? Waulize wenyewe!"

"Meno." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila utani. "Ningekubali uniambie haina maana. Ningekubali uniambie ulilala. Lakini umeniambia umeisikiliza mara tatu."

"Nimeisikiliza mara tatu!"

"Aliyeisikiliza hata mara moja anajua yule mtu anafika nyumbani." Akasimama, akajinyoosha shati ambalo halikuwa na kunyanzi. "Sina ugomvi na wewe. Ahsanteni kwa chai."

Mwanamume akigomba kuna pa kumshikia. Akisema hana ugomvi, ameshaondoka. Jumanne ukaja ujumbe mmoja: *Ijumaa natia sahihi. Santuri baki nazo.*

Meno aliusoma mara kumi. Kilichomuuma hakikuwa albamu. Alikuwa amedanganya mara moja, akalikubali kosa; lakini lile alilolisema kweli, tena kwa jasho lake, ndilo lililomfanya aonekane mwongo. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika maneno marefu, akayafuta.

*

Mdogo wake alikuwa na mitihani, hivyo mashine ilishahamishiwa maabara, juu ya kabati la plasta. Alhamisi mchana Meno alikuwa huko peke yake, koti jeupe, nta vidoleni, akihangaika na meno ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Taya la juu zuri, la chini zuri, lakini ukiyakutanisha hayaumani. Akaiweka ile albamu kwa hasira tupu. Alitaka kuisikia tena kwaya inayokuja mapema, apate ushahidi wa kumtupia mtu.

Upande wa kwanza ukaenda mpaka mwisho. Gitaa likanyamaza, zikabaki nyayo za mtu anayepanda ngazi za mawe: kwa, kwa, kwa, halafu kimya, mguu bado uko hewani. Akainuka aigeuze, kama siku zote, na mkono ukamkwama njiani.

Nyayo zile alizijua mahali pengine. Santuri ya pili ilianza kwa unyayo mmoja, kwa!, kisha dramu. Mara tatu alikuwa ameusikia na kudhani ni madoido ya wanamuziki.

Meno alitazama yale mataya mawili mezani. Miaka sita alikuwa akilipwa kwa kujua kitu kimoja tu, kwamba jino lina mwenzake, na likikutana na asiye wake ni kosa la fundi, si la jino.

Hakuigeuza. Akaiondoa, akaweka ya pili, akateremsha sindano. Kwa! Unyayo wa nne ukatua mahali pake barabara, na dramu zikaingia na kumbeba yule mtu ngazi kwa ngazi.

"Wewe!" Meno akapiga kelele peke yake chumbani. "Wewe we!"

Akavaa miwani yake ya kukuzia, ile ya kutafutia nyufa kwenye meno, akainamia karatasi ya katikati ya santuri. Chini ya mchoro wa mnara, kwa tarakimu ndogo kama chembe ya mchanga: 2. Akaigeuza: 3. Akaikimbilia ile ya kwanza. Mbele 1. Nyuma, jamani, 4.

Akampigia shangazi.

"Ndivyo zilivyokuwa nyingine," shangazi akasema bila kushtuka. "Kulikuwa na mashine zinazokaa na santuri mbili juu kwa juu. Ikiisha moja inadondoka ya pili, halafu unazigeuza zote kwa pamoja. Moja, mbili, tatu, nne, unanyanyuka kitini mara moja tu. Mashine yangu haidondoshi, lazima usome namba. Kwani hukusoma?"

"Shangazi, hukuniambia!"

"Wewe hukuniuliza. Na hizo santuri za nani, mbona unahema?"

Meno akakata simu, akafunga mlango kwa ufunguo, akaanza upya, moja mpaka nne. Jamani, ilikuwa albamu nyingine! Yale mabadiliko ya mwendo yaliyomkera yalikuwa mtu anayechoka, anapumzika, anaanza tena. Ile sauti nyembamba ilikuwa hewa inayopungua kadiri unavyokwenda juu. Kinanda kilichomuudhi kwa maombolezo kilikuwa katikati ya hadithi, mtu amefika kileleni akagundua hakuna wa kumwonyesha alichokiona. Na upande wa nne! Ile kwaya! Sasa ilikuwa na haki yote ya kushangilia. Alikuwa anashuka mbio, gitaa likiruka vidato viwili viwili, na chini kuna watu. Meno alijikuta amesimama katikati ya maabara ameshika taya la mwalimu mkuu juu kama kombe, anaimba maneno asiyoyajua, machozi yanamtoka na anacheka. Hakuwahi kupenda kitu ghafla hivyo, ukiacha jino moja lililompanda mwenzake.

*

Ijumaa alipiga simu tangu asubuhi. Fundi akiwa ndani ya shimo la lifti simu haipatikani, na siku hiyo Lifti alikuwa shimoni kutwa nzima. Saa tisa na nusu ikaita.

"Hallo." Sauti kavu.

"Usiseme neno. Sikiliza."

Akaisogeza simu kwenye spika. Mwisho wa upande wa kwanza: nyayo, kimya. Kisha akaigeuza ile ile santuri, akateremsha sindano, na kwaya ikapasuka.

Kule alikokuwa, Lifti aliitambua hapo hapo.

"Hiyo ni ya nne," akasema. "Mbona... umefanyaje ikatoka moja ikaja ya nne?"

"Nimeigeuza! Nyuma ya moja wameweka nne. Nyuma ya mbili wameweka tatu. Wewe uliijua kwa kaseti, mle zimepangwa moja mpaka nne. Santuri yenyewe hujawahi kuiona ikicheza!"

"Mungu wangu."

"Kwa hiyo mimi nimempandisha yule maskini mara tatu nikamwacha juu. Nilikudanganya, ndiyo, kuwa naipenda. Lakini kusikiliza, nilisikiliza!"

"Uko wapi?"

"Maabara."

Simu ikakatika. Saa moja baadaye mlango ukagongwa, na pale aliposimama Lifti, ovaroli ina vumbi la saruji, kifua kinapanda na kushuka, hata shetani angemhurumia. Akatazama safu za meno ya plasta zinazomchekelea kutoka rafu zote, kisha akamtazama Meno.

"Nisamehe. Nilikuita mwongo sebuleni kwenu."

"Na mimi nilikuwa nimeanza kwa uongo, kwa hiyo tugawane." Akamsogezea kiti. "Kaa. Upande wa nne. Hatuongei mpaka uishe."

Wakakaa bega kwa bega mbele ya spika. Kwaya ilipoingia Lifti alifumba macho. Miaka mingapi hajausikia nje ya kichwa chake mwenyewe? Katikati ya gitaa simu yake ikaanza kutetemeka mfukoni. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika hamsini. Meno aliiona, akajibana asiseme kitu. Hilo lilikuwa lake mwenyewe kuamua.

Lifti akaitoa, akaiweka sikioni. "Mkuu, siji. Ndiyo, nimeshafikiri. Mpeni mwingine." Akaizima kabisa.

Meno hakuweza tena kunyamaza. "Usije ukaniambia siku moja nilikunyima cheo."

"Sikukitaka cheo. Nilikuwa nautaka ule umbali wa saa tisa." Akamgeukia. "Nijibu kitu kimoja. Ulikuwa huipendi. Kwa nini uliisikiliza mara tatu?"

"Kwa sababu wewe unaipenda. Nilijua umo humo ndani mahali fulani. Nilikuwa nakutafuta."

"Nataka kukuoa," Lifti akasema, kwa haraka, kama mtu anayeogopa mlango utafunga. "Nije kwenu na wazee wangu, mwezi huu huu. Unasemaje?"

"Shh!" Meno akainua kidole. "Hapa ndipo anapofika."

"Meno, nimekuuliza—"

"Shhh!"

Akamsubirisha. Dakika tatu nzima, huku gitaa likipunguza mwendo, kwaya ikisogea, mlango ukifunguka, watu wakicheka ndani ya muziki, na Lifti akipangusa viganja kwenye magoti. Sauti ya mwisho ikafifia. Sindano ikainuka yenyewe ikarudi pembeni, na maabara ikawa kimya kabisa.

"Ndiyo," Meno akasema. "Na safari hii sisemi ili kukufurahisha."